Jiwe la Chumvi la Shangazi Kavira

Mususa, Butembo
Siku moja kabla ya safari yako

Masika wangu,

Umeenda kuaga wenzako wa Bulengera, na mimi nimekaa hapa karibu na mlango na daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa chache zilizobaki safi. Mvua imeanza. Najua utachelewa, maana wewe ukianza kuaga unaaga mpaka mbuzi za watu. Donc basi nina nafasi.

Sitakuandikia habari za kufua nguo, wala za kusali, wala za kutopokea kitu mkononi mwa askari kwenye barrière ya njiani. Hayo nimeyasema mpaka siku hizi unayamaliza wewe kabla yangu. Nataka kukuandikia juu ya shangazi yako Kavira, ambaye kesho saa ya kula utakuwa umekaa kwake. Kuna kitu nilimfanyia wakati wa vita. Yeye hajui. Ao anajua, na hiyo ndiyo inaninyima raha tangu dereva aliponiletea jibu lake.

Unakumbuka jibu lenyewe. Darasa la wasichana hapa halijafunguliwa tena, kule Beni masista wamefungua, nikamtuma dereva amuulize Kavira kama anaweza kukupa mahali pa kulala. Dereva akarudi na magunia yake ya maharagi, akasimama hapo uani, akasema shangazi amejibu hivi: "Mutoto akuje. Kitanda iko. Mais lakini mama yake asimufungie kitu. Chumvi tuko nayo."

Wewe ulifurahi ukaanza kukunja nguo. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kuni. Kwa nini chumvi? Angeweza kusema unga. Angeweza kusema mafuta, maharagi, sabuni. Katika vitu vyote vya dunia mtu anavyoweza kuwa navyo nyumbani mwake, Kavira alichagua kunitajia chumvi.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana wewe ulikuwa na miaka kumi na moja na uliona nusu tu.

Kavira hakunipenda. Nilipoolewa na baba yako nilikuwa na miaka kumi na tano, nimetoka jikoni kwa mzungu wa kahawa, ambako mama yangu alikuwa anapika na mimi naosha vyombo. Siku ya kwanza nilipopika hapa kwao, Kavira alionja ugali wangu, akawaangalia wenzake, akasema: "Huyu alifundishwa na Madame. Ugali yake iko na heshima, mais nguvu hapana." Wakacheka mpaka mama mkwe akacheka. Mimi pia nilicheka, na nikaiweka moyoni kama mtu anavyoweka mbegu.

Halafu dipanda ikaja, huo uhuru wetu. Baba yako akapanda kamioni ya kwenda Stanleyville kutafuta kazi ambazo wazungu walikuwa wameziacha, na hakurudi. Hakuna mtu aliyemwona amekufa, na hakuna aliyemwona hai. Kavira akaanza kusema kwa watu kwamba mwanaume hakimbii nyumba yenye amani. Aliongea hivyo mara moja, labda mbili. Mimi nililisikia neno hilo kila siku kwa miaka minne.

Ndiyo maana, waasi walipoingia Butembo na njia zikafungwa, na chumvi ikapotea kabisa, tukabaki tunachuja majivu ya maganda ya ndizi tupate maji ya kutia kwenye sombe, yale majani ya muhogo, sikuelewa nilipomwona Kavira anafika hapa asubuhi moja na kitu kimefungwa kwenye jani. Mume wake, Kasereka, alikuwa amerudi kutoka Kasindi. Alipita porini siku sita akisukuma kinga yake, ile baiskeli ya mizigo, amebeba chumvi ile ya mawe inayotoka ziwani upande wa Uganda. Kavira akafungua jani. Ndani kulikuwa na jiwe kubwa kama ngumi yangu, la rangi ya kijivu, lenye mstari mwekundu wa tope. Akasema, "Ya mutoto," akaenda. Hata kukaa hakukaa.

Mtu mwenye moyo safi angeshukuru. Mimi nilisimama na lile jiwe nikauliza: anataka nini huyu? Siku zile kila mtu alikuwa anamwuliza mwenzake hivyo, hata bila kufungua mdomo. Watu walisema kuna wachuuzi wanasaga mawe meupe ya mtoni na kuyachanganya na chumvi. Walisema kuna mama mmoja alipika jiwe siku nzima na supu ikabaki chapwa kama mate. Sikumjua huyo mama, na hakuna aliyemjua, lakini sote tulimwamini.

Basi nikasema nitalipima. Nilikuwa bado na chumvi ya duka kidogo, laini kama unga, robo ya kijiko, nimeificha kwenye karatasi juu ya paa kwa ajili yako ukiugua tumbo. Nikachukua vikombe viwili vya maji baridi ya kisima. Kimoja nikatia nusu ya ile ya karatasi. Kabla sijamaliza kufuta kijiko, ilikuwa imekwisha, maji meupe, hakuna kitu. Katika kingine nikaweka jiwe la Kavira. Likakaa. Nikachambua sombe, fungu zima. Likakaa. Nikatwanga sombe ile. Nikarudi, jiwe liko palepale, linaniangalia. Nikainamisha kikombe nikaonja maji ya juu: maji tu, ya kisima, kama Mungu alivyoyaumba.

Nikasema, ndiyo hivyo. Nilikuwa najua.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipolitoa lile jiwe majini niliona kona zake zimeisha. Asubuhi lilikuwa na kona kali, sasa lilikuwa limelainika kama sabuni iliyotumika. Macho yangu yaliona. Lakini moyo ukanijibu haraka: ni tope limeoshwa. Moyo ulikuwa na jibu lake tayari tangu siku ya ule ugali. Nikamwaga maji kwenye shina la mgomba na jiwe nikalitupa uani.

Mchana huo nikaenda kisimani. Kulikuwa na akina mama watatu tu, na yule jirani yetu mama Paluku, ambaye unamjua, mdomo wake hauna mlango. Akaniuliza kama ni kweli wifi yangu ameniletea chumvi. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nitaipika kesho nione. Nikasema: "Amenipa jiwe. Ya mutoni. Nimeiweka mu maji, imekatala."

Mama Paluku akapiga mikono. "Eh, wifi ni wifi. Kesho atakuletea changarawe, aseme ni muchele."

Tukacheka. Masika, nilijisikia vizuri. Nakuandikia ukweli: nilirudi nyumbani na ndoo kichwani nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyepumzika.

Kesho yake asubuhi ulinikuta najifunga kitenge, ukaniita nije unionyeshe kitu. Mbuzi alikuwa amelala juu ya miguu ya mbele, analamba lile jiwe, analamba, hata majani ya viazi uliyomwekea hakuyagusa. Ukamnyang'anya. Ukavunja kipande, ukakiweka juu ya jiwe la kusagia, ukakisaga mpaka kikawa unga, ukakitia kwenye kikombe. Kikaisha, tena haraka kuliko ile ya duka. Ukanipa nionje. Uso wako ulikuwa unacheka. Ukasema: "Mama, ni chumvi. Ilikuwa tu kubwa."

Nikakupiga kofi.

Ulifikiri ni kwa sababu ulichukua kitu mdomoni mwa mbuzi. Nilikuacha ufikiri hivyo. Nilikupiga kwa sababu ulikuwa umesema kweli na kweli hiyo ilikuwa imechelewa usiku mmoja. Nisamehe. Nimetafuta namna ya kulisema hili miaka mitatu, na leo kalamu inalisema haraka hivi mpaka nashangaa.

Lakini sikiliza jambo lenyewe. Halikuwa limechelewa kweli. Siku ile nzima ilikuwa yangu. Kisima hakijahama. Ningeenda, nikasema mbele ya mama Paluku na wale wengine: jana nilikosea, ni chumvi, nilikuwa sijaisaga. Wangenicheka. Wangesema binti wa jikoni kwa Madame hajui hata chumvi ya mawe. Na ingekuwa kweli, maana kule jikoni chumvi ilikuja laini kwenye kopo, na hapa alikuwa ni mama mkwe anayetwanga, mimi napokea iliyotwangwa. Niliogopa kicheko cha siku moja. Nikakutuma wewe ukachote maji, nikasema mgongo unaniuma.

Siku ya tatu waasi wakamchukua Kasereka. Kinga wakachukua, chumvi yote wakachukua. Walisema anawauzia watu mawe, ni adui wa wananchi.

Na sasa sehemu uliyoiona bila kuielewa. Kavira alikuja hapa mlangoni, miguu haina viatu, akaniomba niende naye kwenye ile nyumba ya zamani ya bureau, ofisi waliyoikalia waasi, kwa sababu mimi najua Kifaransa kidogo na nilizoea kuongea na wakubwa. Nikaenda. Nilisimama kando yake, Masika, nikamwombea mtu niliyempeleka mimi mwenyewe mle ndani. Niliomba vizuri. Nilisema ni mtu wa kazi, ni baba wa watoto, chumvi yake ni chumvi. Yule mkubwa wao, kijana mdogo kuliko mimi, alitusikiliza akichokonoa meno, halafu akasema: "Mama, neno hili sisi hapana tuliitunga. Ilitoka kisimani. Ni nyiye banamuke mulisema."

Kavira hakunigeukia. Aliangalia mbele tu. Tangu siku hiyo najiuliza: hakunigeukia kwa sababu hakujua, ao hakunigeukia kwa sababu alijua?

Kasereka alitoka siku ya tisa. Walikuwa wamemfunga mikono kwa mipira ya kinga yake mwenyewe, na vidole vya mkono wa kulia havijafunga tena mpaka leo. Mtu aliyekuwa anaweza kufunga mzigo wa kilo mia na kamba moja, sasa kifungo cha shati anafungiwa na mke. Ndiyo sababu walihamia Beni, akapata kazi ya kulinda depo ya watu. Utamwona kesho. Atakusalimia kwa mkono wa kushoto. Usishtuke, na usimwonee huruma mbele yake.

Baada ya waasi kuondoka, chumvi ya mawe ilirudi sokoni. Nilinunua vipande vitatu, nikamwomba muuzaji anipimie vilingane. Ulikuwa shuleni kwa yule mwalimu wa kanisa. Nikaweka vikombe vitatu vya maji yaliyo sawa. Kipande kimoja nikakiacha kizima. Cha pili nikakivunja kama mbegu za maharagi. Cha tatu nikakitwanga kuwa unga. Sikukoroga hata kimoja. Unga ulikuwa unapotea ukiwa bado unashuka. Vipande vya maharagi vilinipa nafasi ya kufagia nyumba na uani. Kizima nilikuwa bado nakiangalia uliporudi kula, ukaniuliza ninafanya nini, nikasema nasafisha vikombe.

Nilikaa mbele ya vikombe vile nikaelewa kitu ambacho hakihitaji shule kubwa. Maji hayana meno. Yanalamba tu, kama yule mbuzi, na yanalamba pale yanapogusa, yaani nje. Jiwe zima lina ndani kubwa na nje ndogo. Maji yanazunguka hiyo nje kidogo, yanachukua, yanarudi. Ukilitwanga, ile ndani yote inakuwa nje, na maji yanakamata kila fasi kwa mara moja. Chumvi haikuongezeka, haikupungua. Nikaonja kikombe cha jiwe zima: juu maji matupu, kama siku ile. Nikaingiza kijiko mpaka chini bila kutikisa, nikaonja tena: chumvi kali, mpaka jicho likafumba. Ilikuwa imelala chini muda wote. Siku ile ningekoroga mara moja tu, Kasereka angekuwa na mkono.

Na kile kizima nilikiacha mpaka kesho yake. Kiliisha chenyewe. Nikakoroga vyote vitatu nikaonja, vilikuwa sawasawa.

Sasa nikuambie usiwashuku watu? Hapana. Ningekuwa nakudanganya. Miaka hii tuliyopita, wengi walioacha kushuku tumewazika. Mimi mwenyewe ninavyokuandikia ninamshuku dereva wa kesho, kwa nini amekubali haraka hivyo kukuweka mbele kabini. Nimemwuliza mara mbili, na nitamwuliza ya tatu. Nakushuku hata wewe, kwamba barua hii utaionyesha wenzako. Shuku, mwanangu. Lakini ukishuku, koroga kwanza ndipo uonje. Na kama neno ni la mtu, mpelekee mwenyewe, usilipitishe kisimani. Neno la kisimani limeshasagwa na midomo minne kabla hujatua ndoo. Linaingia kwa watu kabla wewe hujafika nyumbani, na ukitaka kulitoa hulioni tena liko wapi.

Nilikuwa nimepanga hivi. Nilikufungia jiwe moja la chumvi kwenye jani, kubwa kama ngumi, nikalitia chini ya sketi yako ya buluu, ingawa alikataza. Barua hii ningekupa kesho asubuhi. Ukifika, mkiisha kula, ungemwomba Kavira akae, kwa sababu yeye hakusoma, ungemsomea yote, hata pale ninaposema namshuku, halafu ungempa jiwe. Nilifikiri ni mpango mzuri. Nilifikiri ningekuwa nimesema.

Kalamu ilisimama hapo kwa muda mrefu, mvua ikanyesha na kuacha.

Maana nimejisoma tangu juu, na nimeona ninafanya kitu kilekile. Mwaka ule nilituma neno kwa mdomo wa mama Paluku, nikarudi nyumbani mwepesi. Leo nataka kulituma kwa mdomo wako, mtoto wa miaka kumi na nne, usimame katika nyumba ya watu ambamo utalala usiku huohuo, umwambie mwanamke mbele ya mume wake nani aliyeharibu mkono wa huyo mume. Na mimi nibaki Mususa nimekaa juu ya kiti. Hapana. Nilishakupiga mara moja kwa kweli yangu mwenyewe.

Donc kesho usishangae ukiniona nimevaa kitenge cha safari. Tunapanda wote wawili. Kabini ina nafasi, na kama haina nitakaa juu ya magunia. Dereva akiuliza, nitamwambia namsindikiza mtoto, na hiyo ni kweli. Tukifika, wewe utawasalimia, utakula, halafu utatoka kwenda kuona hiyo shule. Mimi nitabaki nao. Sijui atanijibu nini. Inawezekana anajua, na amengoja miaka mitatu niseme. Inawezekana hajui, na nitamvunjia moyo mara ya pili. Inawezekana kesho jioni tutarudi wote wawili Butembo, na wewe utanichukia kwa sababu ya darasa ulilolikosa. Nimefikiri juu ya hilo kuliko yote. Shule yako ndiyo ninaiweka mezani pale, na si yangu kuiweka. Lakini siwezi kukulaza katika kitanda cha mtu huku mimi najua na yeye hajui. Kila sahani atakayokupa ningekuwa naishuku mimi huku, na wewe ungeanza kuishuku bila kujua kwa nini, kama ugonjwa wa kurithi.

Barua hii nitaishona ndani ya pindo la sketi ya buluu. Utaipata siku utakapofumua pindo kwa sababu umekuwa mrefu. Kama siku hiyo utakuwa kwa Kavira, utajua alinijibu nini. Kama utakuwa hapa, utajua pia.

Nasikia sauti yako njiani, unaongea na mbuzi.

Lile jiwe nimelitoa kwenye mzigo wako. Nimelitwanga sasa hivi, lote, mpaka mkono umechoka, na unga wake nimeufunga kwenye kitambaa changu, nitaubeba mimi.

Mama yako,
Kahambu